Laini ya Baba

Damanhur, Jumamosi, 3 Aprili 2010

Kwako Ihab, mdogo wangu, mlinzi wa mchanga na nge,

Mama mzima, mimi mzima, ruta imekufa. Naanza na hilo kwa sababu sitaki usome ukurasa mzima wa salamu ukidhani mambo ni shwari.

Alhamisi nilikuwa kwenye mahojiano ya video na wale maprofesa watatu wa Italia. Nilikuwa nimefika pale ninapopapenda, jinsi chumvi inavyopanda kimyakimya chini ya mashamba ya mpunga mpaka mkulima anashtukia mche umeungua, na maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Simu ya sebuleni ikalia, Mama akaipokea. Papo hapo picha ikaganda. Profesa wa katikati, mama mwenye mvi, aliganda mdomo wazi. Taa ya ADSL kwenye ruta ikaanza kupepesa, na ilipotulia wenyewe walikuwa wameshaondoka.

Wameniandikia. Wananipa nafasi ya pili, na wamesema ni ya mwisho: Alhamisi tarehe 22, mwezi huuhuu. Ikikatika tena, nafasi ya masomo na ufadhili wake anapewa mwingine. Na usiniambie niende kwenye mgahawa wa intaneti wa Hamdi. Nilishakwenda kujaribu. Vijana wanapigana vita kwenye kompyuta wakipiga mayowe, "Mmalize! Mmalize!", nami nazungumzia mizizi.

Ijumaa nilipiga simu kwa kampuni ya intaneti. Kijana akaniambia, "Bibie, chukua sindano, bonyeza kile kitundu cha nyuma, shikilia mpaka taa zote zizime." Nikashikilia, mimi na shahada yangu. Sasa ruta imesahau kila kitu ulichoifundisha.

Niandikie mpangilio wote. Ukipiga simu usijaribu kunisomea namba, maana Mama haachii mkono wa simu, na nyuma yako foleni ya askari inatukana. Mpe barua Sabri, mwenzako wa kambini, akija likizo.

Nitakwenda Italia, Ihab. Nakuambia mapema ili uzoee.

Dada yako,
Safinaz

*

Kambini, magharibi ya Matruh, 8 Aprili 2010

Kwa Daktari wa Chumvi, dada yangu Safinaz,

Niliposoma habari ya sindano nilicheka mpaka sajini akaniuliza kama nimepata barua ya mchumba. Nikamwambia ni dada yangu, ameua ruta. Akasema, "Masikini, bado hajaolewa?" Nimekutetea, usijali.

Sasa soma polepole. Wewe huwa unasoma kama unafukuzwa.

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Fungua ukurasa wa intaneti, na pale juu panapoandikwa anwani andika 192.168.1.1. Itakuuliza jina na nenosiri: andika admin, halafu admin tena. Ukiona ukurasa wenye rangi ya dawa ya kikohozi, umefika.

Nenda palipoandikwa WAN. VPI weka 0, VCI weka 35. Hizo mbili ni kama mtaa na namba ya nyumba. Ukikosea, ruta itabisha hodi mahali pasipo na mtu, na taa itawaka vizuri tu huku hupati chochote. Aina ya muunganisho chagua PPPoE. Ukichagua Bridge ruta inakuwa daraja tupu, kujitambulisha kwa kampuni inabaki kazi ya kompyuta. Jina la mtumiaji na nenosiri nimeandika nyuma ya karatasi hii. Laini bado ina jina la Baba, kwa hiyo wakikuuliza mwenyewe nani, mtaje yeye. Palipoandikwa MTU weka 1492. Ukiacha 1500, kurasa nyingine zitafunguka na nyingine zitagoma, utafikiri nyumba ina mapepo. Hifadhi, zima, washa.

Taa ya ADSL ikitulia, maana yake ruta na sentro, kile kituo cha simu cha mtaa, wamesikilizana. Taa ya intaneti ikifuatia, maana yake wamekujua. Ikiwaka ya kwanza bila ya pili, umekosea jina au nenosiri, usianze kulaumu serikali.

Jambo moja nalisema kwa heshima. Kazi yako yote iko ndani ya ruta. Nyaya za ukutani usiziguse. Nilizifunga mimi, namjua kila mmoja na kwao.

Utafaulu. Wewe ukitaka jambo, ni jambo lenyewe ndilo la kuonewa huruma.

Ihab

*

Damanhur, 12 Aprili 2010

Ihab,

Nilifanya kama ulivyoandika, na nikarudia kusoma kila mstari ili usipate la kusema. Taa ya kwanza ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Ya pili ikafuata. Nilikaa kuitazama kama mtu aliyewasha moto kwa mawe. Sikujua kwamba kijani kinaweza kumfurahisha mtu kiasi hiki. Mama akapita na sinia akasema, "Ikianza kupika niite."

Kisha simu ikalia, Mama akapokea, na taa ikaanza upya kupepesa.

Kwa hiyo si mpangilio. Nikaacha kubadilisha vitu na nikaanza kutazama, kama tunavyofanya shambani. Kwenye ule ukurasa kuna mahali panapoonyesha hali ya laini, na pana namba inayosema sauti ya laini iko juu ya kelele kwa kiasi gani. Kwetu ni 21. Nikasubiri Mama aende sokoni, nikachukua simu yangu ya mkononi nikapiga simu yetu wenyewe. Ikalia, namba haikutikisika. Kwa hiyo mlio hauna kosa. Nikaiacha ilie. Hakuna mtu nyumbani ila mimi, nami sikuigusa. Ihab, ikapokelewa.

Namba ikaanguka mpaka 4 na intaneti ikakatika. Nikasema, "Alo?" Nikasikia mtu anapumua.

Sikuogopa. Nilikasirika, na hasira ni bora kwa kazi. Nikachomoa simu ya sebuleni, nikachomoa ya chumbani, nikabaki na ruta peke yake ukutani. Nikapiga tena. Ikalia mahali, siyo kwetu, kwa mbali, kama inalia ndani ya blanketi.

Nimemwambia Mama kuna mwizi kwenye laini. Akasema, "Watu wana shida zao," akaenda kukamua malimau. Fundi wa sentro yeye hana huruma hiyo. Amesema wezi wa laini ni wengi, atakuja Jumatatu tarehe 19 afuate kila waya na kuukata usio wetu. Nimekubali.

Lakini kuna waya mmoja mweupe unaotoka dirisha la jikoni na kuingia kwenye ule uwazi wa katikati ya jengo. Fundo lake ni la mkono wako, nalijua. Umesema unamjua kila mmoja na kwao. Huyu kwao ni wapi?

Nijibu kabla ya Jumatatu. Usipojibu utakatwa.

Safinaz

*

Kambini, 15 Aprili 2010

Dada,

Usimruhusu akate. Sabri nimemkimbilia getini na barua hii.

Waya unakwenda ghorofa ya juu, kwa Shangazi Inshirah. Baba aliuvuta mwenyewe zamani, maana Shangazi hana laini; mimi nililifunga upya fundo tu nilipoweka ADSL. Baada ya arobaini ya Baba, Shangazi aliposema mbele ya wageni wote kwamba Mama hakulia vya kutosha, unakumbuka Mama aliniambia nikate kila kitu kinachounganisha nyumba hizi mbili. Nilikata waya wa dishi. Nilikata kamba ya kuanikia nguo. Huu sikuukata, na sikumwambia mtu.

Hapigi simu, hata mara moja hajapiga. Anainua tu kusikiliza. Mimi nikiwa nyumbani nilikuwa nikimsikia akiinua, nikijidai sisikii. Ninapopiga kutoka huku namsikia pia. Mama ananiuliza nakula nini, na nyuma ya Mama kuna pumzi. Kwa hiyo kila ninachokula nakitaja kwa watu wawili.

Nilipofunga ADSL nilimwekea kichujio, kile kidude cheupe kinachokaa kati ya simu na ukuta ili simu isiingilie intaneti. Kiko pale. Ndiyo maana nilidhani kosa ni la ruta. Kama namba inaanguka mpaka 4, basi kimetoka, na sijui kwa nini.

Muulize yeye. Mama asijue, tafadhali. Akijua, atakata kwa meno.

Najua ni siku gani tarehe 22. Najua pia kwamba ukiondoka, Mama anabaki peke yake hadi nimalize jeshi, na mwenzake aliye karibu ni huyo asiyesemeshana naye. Sisemi usiende. Nasema usikate.

Ihab

*

Damanhur, 17 Aprili 2010

Kwa Shangazi Inshirah, Assalaam alaykum,

Barua hii naitia kwenye kapu lako la mkate, lile unaloteremsha kwa kamba, linapopita mbele ya roshani yetu, kwa kuwa kupanda ngazi bila Mama kuniona si rahisi, nawe unamjua.

Nimejua habari ya waya. Sina ugomvi nao. Nina swali moja tu la kiufundi: Ihab alikuwekea kidude cheupe, kidogo kama kiberiti, kati ya simu na ukuta. Kiko wapi?

Nauliza kwa sababu kila unapoinua simu intaneti yetu inakatika, na Alhamisi nina mahojiano yatakayoamua kama nitakwenda kusoma ng'ambo. Jumatatu anakuja fundi kukata.

Mtoto wa kaka yako,
Safinaz

*

Juu, siku hiyohiyo

Mwanangu Safinaz,

Mkono wangu unatetemeka, siyo kwa hofu, ni sukari. Soma hivyohivyo.

Kwanza nisamehe kwa siku ile uliposema alo. Simu ililia sana, mama yako hapokei, nikadhani ni mtoto kutoka kambini na atakata tamaa. Niliposikia ni wewe nikairudisha simu mahali pake.

Kidude kiko sebuleni, kimening'inia kwenye waya wa zamani. Ihab alipochukuliwa jeshini nilihamishia simu karibu na kitanda, maana miguu hii mpaka ifike sebuleni mtoto ameshaaga. Nilinunua waya mpya mrefu. Kweli tangu hapo simu ina mvumo, shshshsh, mfululizo, hausimami. Mimi nikajua ni upepo wa huko jangwani. Kila Ijumaa nikimsikiliza nasema, masikini, leo upepo umewazidia.

Kumbe ni wewe na masomo yako.

Mwache fundi akate. Nasema kwa moyo safi. Baba yako aliuza ng'ombe wawili usome, mimi ndiye niliyewashika kamba mpaka mnadani, na mmoja alinikanyaga. Sikukanyagwa bure. Kata, nenda.

Shangazi yako,
Inshirah

*

Damanhur, Ijumaa, 23 Aprili 2010

Ihab, mpenzi wa nyaya,

Nakueleza kwa utaratibu, maana najua utaruka mistari kutafuta mwisho. Mwisho ni mzuri. Sasa rudi.

Niliposoma jibu la Shangazi nilikaa kitandani muda mrefu na ile karatasi. Nilikuwa na ruhusa ya kukata kutoka kwa mwenye kukatwa, na bado nilikuwa sijapata utulivu wa moyo. Nilijiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nafuata chumvi chini ya ardhi kilomita na kilomita, lakini sikujua nini kinapita nyuma ya jiko letu. Halafu nikaona kwamba huko kujiuliza ni uvivu. Jibu lilikuwa na ukubwa wa kiberiti.

Nikaenda dukani nikanunua kichujio kipya. Sikutaka kile cha zamani kilichokaa na vumbi, kwa siku kama hii. Nikapanda ngazi mchana kweupe, bila kunyata, nikabisha.

Shangazi alifungua akanitazama kuanzia kichwa mpaka viatu.

"Umekonda."

"Na wewe umenenepa, Shangazi."

"Sukari hiyo, mshenzi wewe. Ingia. Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi vua viatu, zisisikike nyayo."

Nimechomoa waya wake mrefu, nimeweka kichujio ukutani, nimechomeka upya. Akainua mkono wa simu akasikiliza. Akakunja uso. Akasema, "Upepo umekwisha." Nilimwona amehuzunika kidogo, Ihab. Alikuwa ameshauzoea. Nikamwambia, "Sasa inua unavyotaka, sikiliza unavyotaka. Huharibu kitu." Akageukia dirishani akawa anapanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumatatu fundi alipokuja nilimpa chai nikamwambia mwizi amepatikana na ametubu. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtu wa familia. Akasema, "Hao ndio wabaya zaidi," akaondoka na biskuti zetu mfukoni.

Na jana ndiyo ilikuwa siku. Nilifunga mlango, nikafungua ule ukurasa wa hali ya laini pembeni, 21, na maprofesa wakatokea. Nilikuwa katikati ya jibu la mwisho, kuhusu kwa nini nataka kurudi Damanhur nikimaliza, simu ikalia sebuleni. Nikasikia ikipokelewa. Nikajua, kwa uhakika kabisa, kwamba juu nako simu imenyanyuliwa. Jicho langu moja lilikuwa kwa profesa mwenye mvi na jingine kwenye namba. Ishirini na moja. Ikashuka hadi ishirini. Ikakaa. Nami nikaendelea kusema, na sijawahi kusema vizuri namna ile maishani mwangu. Mwishoni yule mama akaniuliza, "Sauti yako imebadilika ghafla, kuna habari njema?" Nikamwambia, "Ndiyo, ya kiufundi."

Jibu lao litakuja mwezi ujao. Nitapata. Siringi, nimepima tu.

Nilipotoka, Mama alikuwa ameketi kando ya simu, mikono mapajani. Nikamuuliza nani alipiga. Akasema, "Ihab. Hajambo. Anakula." Umemwambia nini?

Safinaz

*

Kambini, 27 Aprili 2010

Dada,

Mimi sikumwambia kitu. Hebu nikueleze, halafu uniambie kama wewe ndiye uliyemwambia.

Sajini alinipa zamu ya simu nikadhani mahojiano yako yalikuwa asubuhi. Mama akapokea akaninong'oneza, "Sema polepole, dada yako yuko na Waitaliano." Nikaanza, "Mama, leo tumekula maharage," na nikasikia Shangazi anainua. Safari hii nilimsikia vizuri kuliko siku zote, kichujio chako kimesafisha, kila pumzi ilikuja kama yuko mgongoni kwangu. Nikaongeza sauti nimfunike. "Maharage, Mama! Na mkate! Na jibini!"

Mama akasema, "Usipige kelele, nasikia." Kisha akasema, kwa sauti ileile anayomwambia mtu afunge mlango:

"Inshirah, muulize mtoto mwenyewe. Mimi huwa ananidanganya."

Dada, niliuangalia mkono wa simu kama una nyoka. Nyuma yangu foleni inapiga kelele, "Maliza, wewe, umeoa hiyo simu?" Huko kwenu hakuna anayesema. Nikadhani Shangazi ameanguka chini. Halafu sauti yake ikaja, nyembamba, imekaa bila kutumika.

"Unakula, Ihab?"

Nikasema nakula. Wakasubiri niseme jingine, wote wawili, na sikuweza, mpaka Mama akamwambia Shangazi, "Unaona? Analia. Hata akiwa mdogo alikuwa hivi."

Nilikata. Nimewaambia jamaa ni mchanga umeingia jichoni. Hawakuamini, na huku mchanga ndio kitu pekee tulichonacho.

Ihab

*

Damanhur, 21 Mei 2010

Ihab,

Wamenikubali. Barua imekuja jana, na ufadhili kamili. Naondoka mwezi wa tisa. Nimeandika sentensi hizi mbele ili uzipate kabla sajini hajakuita.

Hapana, sikumwambia Mama. Nilimuuliza. Nilimfuata jikoni nikamuuliza tangu lini anajua kwamba Shangazi anasikiliza. Alikuwa anasafisha mboga ya majani ya molokhia, hakuinua kichwa.

"Tangu juma la kwanza baada ya arobaini. Yule anapumua kama paka mwenye mafua."

"Na hukukata?"

"Nikate waya aliouvuta baba yenu?"

"Basi kwa nini hukusema naye miaka yote hii?"

"Yeye ndiye aliyekuwa na la kusema," akasema. "Mimi nilikuwa namngoja kwenye simu."

Nimelala na jibu hilo siku nyingi. Wewe ulidhani unamficha Mama, Shangazi alidhani anajificha, mimi nilidhani nimegundua. Mwenye kujua alikuwa mmoja tu, na alikuwa anachuma majani.

Wasiwasi wako wa kumwacha peke yake nimeuchukulia kwa uzito, kwa hiyo jana niliamua kuwafundisha ruta wote wawili, ili ikisahau tena wasiite mtu wa sindano. Shangazi ameshuka na miwani yake. Nimewakalisha mbele ya kompyuta, nikaifuta ruta makusudi, nikawaachia barua yako ya tarehe nane. Mama anasoma, Shangazi anaandika kwa kidole kimoja.

"Sifuri," anasema Mama.

"Nimeweka."

"Hiyo ni herufi O."

"Sifuri na O zina tofauti gani, duara ni duara."

"Tofauti ni kwamba moja itatupeleka kwa watu wasio wetu, imeandikwa hapa. Futa."

"Usiniamrishe nyumbani kwa kaka yangu."

"Kaka yako angekuwa ameshamaliza. Thelathini na tano. Tatu, tano. Miwani hiyo ulinunua au uliokota?"

Nilisimama mlangoni, tayari kusogea kusaidia, nimeshafungua mdomo. Taa ya kwanza ikapepesa. Wakakaribiana vichwa, wote wawili, wakiitazama. Ikatulia. Ya pili ikawaka. Mama akageuka akaniona bado nimesimama pale, na Shangazi naye akageuka.

"Wewe unangoja nini?" akasema Mama. "Nenda kapange sanduku lako."

Dada yako,
Safinaz